Nilimpa Mtani Uzao Wangu, Akampa Paka Jina la Mama

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, Mngoni wa Songea, mlinzi wa geti hapa Doha. Nina afya, nina meno yote, na katikati ya meno ya juu nina mwanya ambao mama yangu alisema ng'ombe angeweza kupita bila kuinamisha pembe. Mke sina. Mtoto sina...

Nimesema mtoto sina? Subirini kwanza. Hapo ndipo penye kidonda.

Shule niliimaliza kwa masomo ya jioni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na ndevu nyingi kumshinda mwalimu wa historia, na matokeo yalipotoka, mji mzima wa Songea ulisimamisha shughuli zake! Sawa, si mji mzima. Mtaa wetu. Nyumba mbili. Mnanielewa jinsi nilivyo, chumvi naipenda tangu tumboni. Lakini haya ninayowaandikia leo hayana hata punje ya chumvi, na ndiyo pekee ambayo watu wamekataa kuyaamini. Si ajabu hiyo?

Nilipofika Doha, kampuni ilinipangia chumba Al Mansoura. Nikaingia na begi langu, nikakuta watu kadhaa, na jamaa mmoja mrefu kalala kitanda cha chini. Akaniuliza kabila. Nikamwambia. Akaruka kama kaona nyoka!

"Mngoni! Si nyie mliokimbia kutoka Afrika Kusini mkasahau kusimama? Lala popote bwana, Wangoni hamna kwenu."

"Ahsante, Mhehe," nikamjibu. "Nimetembea mtaa mzima sijaona mbwa hata mmoja, nikajua tu kwamba mla mbwa ameshafika."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Tukakumbatiana. Jina lake Atilio, mtu wa Iringa.

Mnaujua utani wetu. Babu zao na babu zetu walipigana mpaka mikuki ikaisha, walipochoka kuzikana wakaamua kutaniana. Mtani akichukua shati lako akasema "hili langu", unacheka. Akikutukana mbele ya mkweo, unacheka. Kukasirika ni mwiko, na ukikasirika ndiwe mwenye kosa. Mimi na Atilio tuliishi hivyo. Alivaa mashati yangu, nikala samaki wake. Kwenye kikundi cha Watanzania wa hapa tulikuwa ndio burudani, sherehe bila sisi ilikuwa msiba. Na msiba ukitokea, tuliitwa pia!

Atilio alikuwa na mke huko nyumbani, Veneranda. Ndoa ya miaka mingi, hakuna mtoto. Mimi nilimtania kwa hilo kama ninavyomtania kwa mbwa. Yeye anacheka, mimi nacheka.

Basi Ijumaa moja tumetoka kanisani, maana huku misa kubwa ni Ijumaa, tuko wawili tu jikoni. Anasonga ugali. Mara mwiko ukasimama.

"Mtani," akasema, "nimepimwa. Mbegu sina."

Nikajibu kwa mazoea, "Za mahindi au za maharage?"

Hakucheka. Niliona machozi yanadondokea kwenye sufuria. Jamani, siku hiyo ugali haukuhitaji chumvi... Na hiyo siiongezi mimi, tuliula hivyo hivyo.

Akanieleza kwamba daktari wa Dar amewaambia ipo njia. Atafutwe mwanaume mwenye afya, atoe mbegu hospitalini, zihifadhiwe, mke apandikiziwe. Hapa Doha jambo hilo haliruhusiwi kabisa, dini na sheria zimelifungia mlango, ila kwetu zipo hospitali binafsi zinazofanya. Nikamuuliza kwa nini asimwombe kaka yake.

"Kaka yangu? Atanirithi mke ningali natembea!" Akanishika mkono kwa kiganja chenye unga. "Nani huzika maiti ya Mhehe, kama si mtani wake? Nani huosha kisichotazamika? Basi nizikie na hili, Fausti. Ndugu atanicheka kwa ubaya. Wewe ukinicheka, ni haki yako."

Ningekataaje? Nyie mngekataa?

Nikaweka sharti moja tu. Akizaliwa mtoto wa kike, aitwe Tasiana, jina la mama yangu. Mama ni mjane, mimi ndiye pekee niliyebaki kwake, na kila nikimpigia simu ombi lake ni lile lile: "Mwanangu, kabla sijafa nataka nisikie jina langu likiitwa uani." Nikawaza, uani hata kama ni kwa watu, si ataitwa? Atilio akalamba kidole, akakielekeza mbinguni. Haki ya Mungu, ataitwa Tasiana.

Likizo zetu tukazipanga pamoja, tukashuka Dar.

Najua kuna vijana mnaosoma hapa mkijiuliza mtu anafanyaje mpaka awe mchangiaji wa mbegu. Mnadhani ni starehe! Kwanza nilitolewa damu ya kujaza ndoo. Wakapima Ukimwi, homa ya ini, kaswende, seli mundu. Wakaniuliza magonjwa ya babu, ya bibi, ya shangazi. Wakanikataza pombe, na kwa siku kadhaa wakanikataza hata kuota ndoto tamu! Kisha nikapewa kikopo chenye jina langu, nikaonyeshwa chumba chenye kochi la ngozi na picha ya maporomoko ya maji ukutani. Mlango ukafungwa. Nje nasikia Atilio anawaambia wauguzi, "Mpeni muda, Mngoni huyo, lazima kwanza acheze ngoma." Nilicheka mpaka kikopo kikaniponyoka. Nikapewa kingine.

Kabla ya hayo yote, sista mmoja mtu mzima, mpole, alinikalisha kwenye kiti. Akanieleza polepole kwamba nikishasaini, mbegu ni za wale wanandoa, zote, na zitakazobaki kwenye barafu pia. Mtoto atakuwa wao. Sitakuwa na sauti yoyote. Nimeelewa?

"Sista," nikamwambia, "huyu mtani wangu. Chake changu, changu chake. Tutaelewana."

Akanitazama juu ya miwani. "Kaka yangu, hapa ndani hatutaniani."

Nikacheka. Nikasaini nacheka! Wasomaji wenzangu, kalamu ile ningeijua ningeitafuna na wino wake.

Veneranda alishika mimba mara ya kwanza tu. Akazaa mtoto wa kike, mzuri kama asubuhi ya Krismasi. Nilikuwa getini Atilio aliponipigia. Niliruka juu, kofia ikaanguka upande wa pili wa ukuta!

"Tasiana hajambo?" nikauliza.

"Tumemwita Adria, mtani. Mama yake kapenda."

Nikajiambia, mtani kachukua shati. Cheka, Fausti. Nikacheka...

Haukupita muda mrefu, matumbwitumbwi yakaingia chumbani kwetu. Kijana mmoja alirudi nayo kutoka likizo, tukaangushwa mmoja mmoja. Wenzangu walivimba mashavu wakapona. Mimi yakashuka chini. Jamani! Nilivimba kama nimefuga maboga mawili. Nilitembea kama mtu aliyeshuka farasi leo asubuhi. Hata Atilio alinihurumia, akaniletea uji kitandani, kisha akasimama mlangoni akawaita wenzake waje waone "mazao ya Songea".

Nilipopona, daktari Msudani, mtu mstaarabu sana, akashauri nipimwe. Majibu yalipokuja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema hakuna kitu. Si kidogo, hakuna. Na hakitarudi.

Niliyemtania kwa miaka yote hiyo... sasa tulikuwa sawa!

Nyumbani nilikuwa na mchumba, Editha, mwalimu wa chekechea. Mahari tayari, bado siku tu. Nilimwambia ukweli kwa simu. Akalia, nikalia. Kisha akasema, maskini yule binti, "Lakini Fausti, si ulisema hospitali wana zako zilizobaki?"

Mungu wangu! Barafuni Dar mlikuwa na vichupa vyangu! Nilipiga simu pale pale. Akapokea sista yule yule. Akanisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Kaka, ulisaini. Ni mali ya wale wanandoa. Wao wakiridhia, wewe njoo hata kesho. Bila wao siwezi kukupa hata tone."

Nani angeogopa? Si mtani wangu huyo?

Nilimwendea Atilio nikapiga magoti, na Mngoni hapigi magoti kwa Mhehe tangu dunia iumbwe. Nikamwambia mimi sitaki Adria, Adria ni wenu, Mungu awatunze. Nataka kichupa kimoja tu nami niitwe baba. Akanisimamisha, akanipangusa magoti. "Wacha niongee na mama Adria," akasema. "Hilo dogo, mtani."

Nikamwambia Editha anunue kitambaa cha harusi.

Nikangoja. Kila nikiuliza, mama Adria anaumwa, mama Adria kasafiri, mama Adria anafikiria. Katikati ya hapo Atilio akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa walinzi wote wa kampaundi yetu kule Al Wukair. Mudiri wangu, yaani bosi, sasa ni yeye!

Asubuhi moja tuko kwenye kibanda cha chai, walinzi wote wamejaa na vikombe vya karaki. Akaingia anasugua mikono.

"Mngoni, vile vitu vyako nimevimaliza. Nimepiga simu Dar, wamemwaga."

Nikadhani sijasikia.

"Wamemwaga, bwana! Kwenye sinki, fyuu! Wangoni waliopo duniani wanatosha. Na ukishampa mtani mbuzi, unarudi kudai mguu?"

Kibanda kizima kikacheka. Hawakujua walichokuwa wakicheka, wao walimcheka Mngoni tu, kama siku zote. Mkenya mmoja alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nami... mtaniamini? Nami nilicheka. Mdomo wangu ulicheka wenyewe. Ulikuwa umeshazoea.

Nikamfuata nje, nikamuuliza kama ni kweli. Kule nje hakuwa anacheka tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye na mkewe hawataki ndugu za Adria wazagae Songea, siku moja wakutane wafanane, aibu irudi. "Na wewe usinitazame hivyo. Tulikuwa watani, hatukuandikiana deni la moyo. Khalas, imekwisha."

Nilimpigia sista. Ilikuwa kweli.

Editha simlaumu. Alivumilia kiasi chake, kisha akaolewa na fundi umeme. Ana mapacha. Kitambaa alikishona, nasikia kilimpendeza.

Mtauliza, kwa nini sikurudi nyumbani? Nikamwambie nini mama? Na tena... niseme kweli, Veneranda na mtoto walikuwa wanakuja. Cheo cha Atilio kilikuja na nyumba ndani ya kampaundi. Nilitaka nimwone. Kumwona tu, kuna dhambi?

Siku ya kwanza Adria alishuka kwenye gari mbele ya geti langu, kaptula ya njano, akanitazama, akacheka. Mwanya! Mwanya ule ule, na masikio yangu haya haya yaliyosimama kama vipini vya sufuria! Moyo wangu ulipiga kwa nguvu hadi nikadhani king'ora cha kampaundi kimelia.

"Msalimie mtani," Atilio akamwambia.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba," nikasema. Nikafungua geti wapite.

Sasa sikieni unyama wenyewe. Doha paka ni wengi kuliko watu. Jike mmoja wa rangi ya majivu alihamia kwenye baraza la Atilio, Adria akampenda, akaomba apewe jina. Jioni hiyo napita na tochi yangu ya zamu, nikasikia Atilio anaita mpaka ukuta wa pili: "Tasiana! Tasiana! Njoo ule panya, mwanamke wa Songea!"

Alikuwa ananitazama mimi.

Nilisimama. Akainua mikono, uso umejaa meno. "Si ulitaka jina liitwe uani, mtani? Haya, linaitwa!"

Na Veneranda, mwanamke ambaye mwili wake ulibeba damu yangu, alikuwa nyuma yake anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kwa kicheko.

Nilikaa na hilo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Mpaka ikafika Ijumaa ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Adria. Watanzania walifurika, pilau la kulisha jeshi, kuku wa kuchoma, muziki. Nikaletewa kiti cha mbele, maana bila Mngoni sherehe haina ladha. Kaka mmoja wa Kigoma akamtazama mtoto, akanitazama, akapiga kelele: "Jamani, huyu mtoto na mtani mbona meno yale yale?"

Vicheko. Atilio akacheka kuwashinda wote. "Mngoni, simama, useme! Ulipita wapi?"

Nikasimama. Muziki ukapunguzwa.

Nikasema. Nikasema yote! Kwamba Adria ni damu yangu, kwamba Atilio alilia kwenye ugali, kwamba nilitoa mbegu Dar hospitalini, kwamba matumbwitumbwi yaliniua, kwamba vichupa vyangu vimemwagwa kwenye sinki, kwamba paka wa nyumba hii ana jina la mama aliyenizaa. Nililia mbele za watu, mwanaume mzima na kirungu kiunoni.

Wasomaji wenzangu... walicheka.

Walicheka mpaka wakaanguka kwenye viti! Si ndivyo watani wanavyosema? Kila mtani husema mtoto wa mtani ni wake, mke ni wake, nyumba ni yake. Mama mmoja wa Tanga alifuta machozi akisema, "Leo Mngoni kapitiliza! Eti kwenye sinki!" Watu walikuwa wamenirekodi. Mmoja akaomba nirudie pale kwenye maboga, na maboga hata sikuyataja, alikumbuka mwenyewe nilivyosimulia zamani.

Nikamgeukia Veneranda. Nikamwomba kwa macho. Neno moja tu, dada. Akanitazama moja kwa moja, akaanza kupiga makofi. "Mtani wetu jamani! Mpeni nyama!"

Nikawekewa paja la kuku mkononi.

Video ile ilizunguka simu zote za Watanzania wa Doha. Hadi leo nikipita bakala, vile viduka vya mtaani, kuna anayenipigia kelele, "Baba Adria!" na kucheka. Jina nililolililia maisha yangu yote, naitwa kila siku... kwa mzaha.

Juzi nilikuwa getini nimemweka mama kwenye simu, sauti imefunguliwa. Adria akaja mbio anamtafuta paka wake. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mtani, kwani wewe huna mtoto wako?"

"Sina, mama," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Pole," akasema. Kisha akakimbia kuelekea barazani akiita kwa ile sauti yake nyembamba: "Tasiana! Tasianaaa! Njoo nyumbani!"

Kwenye simu nikamsikia mama, pumzi imempanda.

"Fausti... Ni mtoto gani huyo anaita jina langu?"

Nilishindwa kusema uongo. Nilishindwa, mbele ya Mungu! Nikasema, "Ni mjukuu wako, mama."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kuchezewa.

"Acha chumvi zako, mwanangu. Ungekuwa na mtoto wewe, redio zote zingetangaza. Mtu hatanii hivyo, unanitonesha." Akakata simu.

Basi ndugu zangu, hasa vijana mlioko ughaibuni mnaolala chumba kimoja na kuitana ndugu. Kumpa mwenzako uzao si dhambi ninayoipigia kelele, kila mtu na imani yake. Ila msimpe mtu ambaye ni mwiko kumkasirikia! Mpe yule ambaye akikukosea unaweza kufoka na watu wakajua umefoka. Akikueleza sista wa miwani, nyamaza, sikiliza, uliza vichupa vitakavyobaki ni vya nani. Na usisaini huku unacheka, maana kicheko kile kitakaa mdomoni mwako hata siku utakayotaka kulia.

Mimi nimemaliza. Nimewachekesha watu maisha yangu yote, sikuwahi kumwomba mtu anyamaze. Leo nawaomba nyie msionijua. Mkifika hapa mwisho, tafadhali... aminini. Na msicheke.